Bastola, Kileo na Dawa ya Daktari

Mas'ala tutakayoizungumza katika somo hili ni ya mtu aliyepewa na serikali idhini ya kuchukua bastola, kisha akawa ametumia kitu chenye kuigusa akili yake, ama kileo ama dawa aliyoandikiwa na daktari. Je, idhini ile yamtosha? Huenda ndugu msomaji akasema: "Mimi sinywi, basi somo hili si langu." Twamuomba asubiri, kwani sehemu kubwa ya maneno yetu yamhusu yeye asiyekunywa.

Kwanza yatupasa tufahamu idhini ni kitu gani. Cheti cha silaha ni ushahidi kwamba siku moja, mbele ya watu waliopewa kazi hiyo, fulani alichunguzwa akaonekana hana la kumzuia. Cheti hakishuhudii hali yake ya usiku wa leo. Serikali yetu ya Kenya yenyewe ilikiri jambo hili mwisho wa mwaka 2018, ilipowaamuru wenye vyeti wote wakachunguzwe upya. Lakini hata uchunguzi ukirudiwa kila mwezi, akili ya binadamu hubadilika baina ya adhuhuri na alasiri, na hakuna afisa awezaye kusimama mlangoni pa kila mtu akimuuliza amekula nini na amekunywa nini.

Kwa ajili hiyo watunga sheria waliongeza katazo la pili lisilotegemea cheti. Katika Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kifungu cha 33, ni kosa mtu kuwa amelewa, au kufanya fujo, hali amechukua silaha. Kifungu hiki chamkamata hata yule ambaye karatasi zake zote ni safi. Wala wazo hili si jipya. Katika koloni la Virginia, mwaka 1655, palitungwa sheria ya kuwakataza watu kufyatua bunduki katika ulevi, isipokuwa kwenye harusi na mazishi; na sababu yao ilikuwa kwamba mlio wa bunduki ndio uliokuwa ishara ya kuvamiwa, na baruti ilikuwa haba. (Kwa nini harusi ziliachwa nje, msomaji ataamua mwenyewe.) Kansas mwaka 1867 ilimkataza mtu aliyelewa kuchukua bastola, na Uingereza mwaka 1872 ikafanya kuwa ni kosa kulewa mahali pa watu wote ukiwa na bunduki iliyotiwa risasi.

Marekani ya leo ndiko mas'ala haya yalikochambuliwa zaidi, kwa kuwa huko wenye kuchukua bastola kwa idhini ni wengi mno. Na sisi tuna jamaa zetu waliohamia Columbus na Minneapolis na miji mingine, ambao hukutana na sheria hizi kila siku. Kila jimbo lina njia yake. Texas humtaka mwenye duka la vinywaji ambalo asilimia 51 au zaidi ya pato lake hutokana na vileo vinywewavyo papo hapo atundike tangazo lenye namba hiyo kwa wino mwekundu, ili mwenye bastola ajue kwamba hapo haingii nayo. Ohio, tangu mwaka 2011, humruhusu mwenye leseni kuingia na bastola mahali panapouzwa kileo, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe hanywi. Michigan ndiyo iliyokwenda mbali kuliko hizo. Dereva mtu mzima wa huko huhesabiwa mkosa akifikia gramu 0.08 za alkoholi katika mililita 100 za damu. Lakini mwenye leseni ya kuchukua bastola iliyofichwa hutozwa faini akifikia 0.02 tu, yaani robo yake. Kwetu sisi kipimo hicho ndicho kilicho karibu zaidi na haki, kwani matabibu wamethibitisha kwamba hata katika 0.02 jicho huanza kushindwa kufuata kitu kinachokwenda, na mtu huanza kushindwa kuangalia mambo mawili kwa pamoja. Na mwenye bastola kazi yake yote ni hiyo.

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Ohio ilihukumu shauri la mtu aliyekutwa amelewa nyumbani kwake na bunduki mkononi isiyo na risasi, baada ya mkewe kuwaita polisi. Alijitetea kwamba yuko kwake na hakumdhuru mtu. Mahakama ikathibitisha hatia yake, kwa kuwa sheria ya jimbo lile yamkataza aliyelewa kuchukua silaha au kuitumia, na haikuitoa nyumba. Wako walioiona hukumu hii kuwa nzito. Sisi twasema kwamba mke aliyekuwa chumbani hakuwa na njia ya kujua kama bunduki ile ina risasi au haina.

Na ni jambo la kushangaza kwamba sheria ya dola nzima, ile ya mwaka 1968, humkataza kumiliki silaha mtu atumiaye madawa yaliyodhibitiwa kinyume cha sheria, lakini haimtaji mnywaji wa pombe. Sababu ni kwamba sheria ya madawa ya mwaka 1970 ilivitoa vileo katika orodha yake. Basi mvutaji wa bangi katika jimbo lililoihalalisha aliambiwa na idara ya silaha, katika barua yake ya mwaka 2011 kwa wauza silaha, kwamba hauziwi. Na mlevi wa kila usiku huuziwa. Tangu mwaka 2023 baadhi ya mahakama zimelitilia shaka katazo hilo la dola. Kwa sheria hiyo hiyo, mwezi wa Juni 2024, Hunter Biden, mwana wa Rais wa wakati ule, alipatikana na hatia kwa kuandika katika karatasi ya kununulia bastola mwaka 2018 kwamba hatumii madawa. Babake akamsamehe mwezi wa Desemba mwaka huo huo.

Sasa tuje kwa msomaji wetu aliyesema kwamba hanywi. Yeye ni mfanyabiashara, tuseme, mwenye cheti kilicho sahihi, naye ana mafua. Amemeza dawa ya klorofeniramini, ambayo madukani yajulikana kwa jina la Piriton. Au ametoka kupasuliwa, akapewa tramadol ya kutuliza maumivu. Au ana wasiwasi, akaandikiwa diazepam apate kulala. Hakufanya haramu yoyote. Amejitibu, na kujitibu kumeamrishwa. Je, achukue bastola yake aende nayo dukani?

Asome karatasi ya dawa yake. Mara nyingi atakuta imeandikwa kwamba dawa yaleta usingizi, na kwamba atumiaye asiendeshe gari wala mashine. Hatakuta neno bastola. Hapa ndipo ifaapo elimu tuliyoisoma katika milango ya usuli. Wanavyuoni wametufunza kwamba kiyasi kina nguzo nne: asili, tawi, hukumu na illa. Walikataza kila chenye kulevya kwa kukitazama kile cha kwanza kilichokatazwa, kwa kuwa illa yao ni moja, nayo ni kuipoteza akili. Basi hapa asili ni gari, hukumu ni katazo, na illa ni usingizi, uzito wa mkono na kupungua kwa uangalifu. Tawi letu ni bastola. Je, illa ile imo ndani yake? Imo, tena kwa nguvu zaidi, kwani dereva aliyesinzia huenda akazindukana akakanyaga breki, na risasi iliyokwisha toka hairudishwi.

Mwenye kufikiri kwamba pingamizi hili ni la siku ile aliyomeza tu, naye ajue kwamba dawa hutofautiana. Diazepam hukaa: baada ya siku nzima, na kwa wengine siku mbili, nusu yake bado imo mwilini. Dawa ya usingizi iitwayo zolpidem ilidhaniwa kwamba huisha na usiku, hata mwezi wa Januari 2013 idara ya dawa ya Marekani ikaamuru kipimo cha wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa ilionekana wengine huamka nayo damuni kwa kiasi cha kuwahatarisha barabarani. Kileo nacho hutoka kwa mwendo wake, kiasi cha 0.015 kwa saa, aliyefikia 0.08 saa sita za usiku hatakuwa safi kabla ya kupita saa kumi na moja za alfajiri, na kahawa wala maji ya baridi hayamuongezei mwendo. Na aliyechanganya kileo na diazepam au kodeini, huyo bastola ni msiba wake wa pili. Wa kwanza ni kwamba pumzi zake zaweza kusimama.

Huenda mtu akauliza: "Mgonjwa si ndiye aliye dhaifu zaidi, na mwizi humvamia aliye dhaifu? Mwamnyang'anya silaha siku anayoihitaji?" Swali hili ni zito. Jawabu ni kwamba silaha haimlindi mtu ila kwa macho ya kumtambua adui, mkono usiotetemeka, na akili ya kujizuia pale pasipo adui. Dawa ikiyapunguza hayo, anayekuja gizani kwa hatua za polepole aweza kuwa mwizi, na aweza kuwa mtoto wake aliyeamka kunywa maji. Tena bastola ya mtu aliyezubaa ni rahisi kunyang'anywa. Mgonjwa wa namna hii na alindwe na mlango wake, jirani zake na mlinzi wake mpaka apone.

Wala asifahamu mtu kwamba twamwambia aache dawa. Hili twalikazia, kwani madhara yake ni makubwa. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya moyo, mwenye huzuni iliyomshinda, akiacha vidonge vyake ili aweze kuchukua bastola, amekigeuza kichwa kuwa miguu. Kinachowekwa chini ni bastola. Na amwambie daktari wazi kwamba yeye ni mwenye silaha. Madaktari wengi hawaulizi. Na aiweke bastola katika kasha lake kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, asingoje aone kama kitamlevya, kwa maana akili inayotakiwa kuamua ndiyo ile ile inayoanza kupungua.

Ama khabari ya dhima, wanavyuoni wametofautisha. Aliyelewa kwa hiari yake, wengi wao humshika kwa alilolitenda kama mwenye akili timamu. Aliyepotewa na akili kwa dawa aliyoihitaji hana dhambi ya ulevi. Lakini udhuru wake wamuondolea dhambi, haumuondolei dhamana. Mali aliyoiharibu atailipa. Na akiua kwa kukosea, familia ya marehemu ina diya yake, naye ana kafara shingoni. Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwamrisha apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Na mwenye mishale yule hakuwa mlevi wala mgonjwa.

Limebaki jambo moja, na laiti tungeweza kulipita. Marekani mwaka 2021 walikufa kwa silaha za moto watu 48,830, na katika hao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Mtu mwenye huzuni, akiwa na kileo au vidonge vya usingizi, na bastola chini ya mto, yumo katika khatari kubwa kuliko ile ya mwizi. Na saa ya khatari hiyo mara nyingi ni fupi, ikipita bila ya silaha karibu, mtu huishi. Basi jamaa wakiona dalili, wasione haya kumuomba aitoe nyumbani. Lakini wasiichukue wao wenyewe wakaificha kwa ndugu, kwani asiye na cheti akipatikana nayo amevunja sheria. Na ipelekwe na mwenyewe, akifuatana na mtu anayemwamini, kituo cha polisi au kwa muuza silaha mwenye leseni, iandikwe katika daftari, naye apewe stakabadhi yake.