Ubongo wa Mkulima Mwenye Dhiki: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Mkulima wa korosho wa Mnero ni mfanyabiashara. Anatia mtaji shambani, anaajiri vibarua, anangoja bei, na mara moja kwa mwaka anapeleka mali yake ghalani. Katika masomo mengi ya ushirika hufundishwa habari za salfa, mizani na stakabadhi. Ni mara chache kufundishwa habari za chombo anachokitumia kuliko vyote, nacho ni ubongo wake mwenyewe. Somo hili linahusu chombo hicho: jinsi kinavyofanya kazi mtu anapokuwa katika dhiki, jinsi kinavyoweza kumfanya auze mali kwa hasara huku akijiona ameokoka, na jinsi chama cha msingi kinavyoweza kuuhamisha uamuzi mkubwa kutoka mwezi mbaya kwenda mwezi mwema.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na theluthi hivi. Huo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Sehemu yake ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, hushughulika na kupima mambo, kujizuia, na kulinganisha faida ya leo na ya kesho. Ndani zaidi, kila upande, kuna kiini kidogo chenye umbo la lozi ambacho kazi yake mojawapo ni kutambua hatari. Hatari ikishatambuliwa, tezi zilizokaa juu ya figo humimina homoni katika damu. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na mtu huwa tayari kupigana au kukimbia.

Mpango huo ni mwema sana kwa mtu aliyekanyaga nyoka katika palizi. Nyoka akishaondoka, mwili hutulia. Lakini deni halikimbiwi. Deni hulala na mtu, huamka naye, na humfuata shambani. Homoni zilizokusudiwa kukaa mwilini kwa dakika chache hukaa kwa majuma na miezi, na kwa muda wote huo ile sehemu ya mbele, yenye kazi ya kupima, haifanyi kazi yake sawasawa. Mtu hapungukiwi akili. Akili yake iko pale pale, ila imekwisha shikwa na jambo jingine.

Tuchukue mfano ambao kila katibu wa Nachingwea na Ruangwa ataufahamu. Ni mwezi wa Agosti. Mwanachama hakupata ufuta wa kutosha mwaka huu, mikorosho imetoa maua, vibarua wa kupulizia wanadai ujira, na mtoto anaumwa. Anahitaji shilingi 100,000. Jioni mtu wa kangomba anafika nyumbani kwake, tena kwa adabu na pole za mgonjwa, na kumpa fedha hizo taslimu kwa ahadi ya kilo 100 za korosho msimu utakapofunguliwa. Mwanachama hulala usingizi usiku huo kwa mara ya kwanza tangu juma lililopita. Anaona amesaidiwa.

Sasa hesabu. Tuseme msimu unafunguliwa na baada ya makato yote mkulima analipwa shilingi 2,700 kwa kilo. Zile kilo 100 zingempatia shilingi 270,000. Kwa hiyo amekopa 100,000 na kulipa 270,000 katika miezi mitatu. Hata angekopa kwa mkopeshaji mkali wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, angelipa 130,000. Tofauti ni shilingi 140,000, nazo zingetosha kulipa gharama ile ile ya Agosti mwaka unaofuata na kubaki. Na kwa kuwa hazikubaki, mwaka unaofuata mtu wa kangomba hupokewa tena.

Watu wa ofisini hupenda kusema kwamba mkulima huyo hana elimu, au ni mzembe. Neno hilo si la haki, na lina kasoro nyingine kubwa zaidi: halieleze kwa nini mtu huyo huyo, akiulizwa mwezi wa Desemba fedha zikiwa mkononi, hupiga hesabu hiyo ya kangomba upesi bila kalamu na kuwaonya wenzake.

Jambo hilo lilichunguzwa nchini India, katika jimbo la Tamil Nadu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wachunguzi walikwenda kwa wakulima wa miwa 464 katika vijiji 54. Wakulima wa miwa, kama wale wa korosho, hupata fedha zao kwa mkupuo baada ya mavuno. Wachunguzi waliwapa mafumbo ya maumbo na majaribio ya haraka ya tarakimu mara mbili: mara moja kabla ya mavuno, wakati wengi walikuwa wameweka mali zao rehani, na mara nyingine baada ya kulipwa. Watu walikuwa wale wale na elimu yao ile ile, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Wataalamu wengine wamebishana juu ya ukubwa wa tofauti hiyo na namna ya kuipima, na mabishano ya namna hiyo ni ya kawaida katika elimu. Kwa katibu aliyekaa dirishani miaka kadhaa akiwapokea wanachama wale wale Agosti na Desemba, habari yenyewe haitakuwa ngeni.

Mtu asidhani kwamba ni mwenye njaa peke yake anayenaswa. Ushibe nao una upofu wake, na ushahidi mkubwa kuliko yote upo hapa hapa Nachingwea. Mwezi wa Novemba 1946 Serikali ya Uingereza ilikubali mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Ujumbe uliopeleka taarifa ya kuunga mkono mpango huo, ukiongozwa na John Wakefield, ulikuwa umefanya kazi kwa majuma tisa tu, na sehemu kubwa ya ardhi ilitazamwa kutoka katika ndege. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Mashine zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ziliharibika, mizizi ikazishinda, na udongo wa Kongwa uliokauka ukawa mgumu kama saruji. Wakubwa wa mpango hawakuwa na dhiki ya ada wala ya dawa. Hata hivyo, ishara zilipoonekana wazi, fedha ziliendelea kumwagwa mpaka Januari 1951, serikali ilipouacha mpango huo na kufuta pauni zipatazo milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka pwani ya Mtwara mpaka Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960.

Kosa lile lina asili yake katika ubongo. Hasara huuma kuliko faida inavyofurahisha. Wataalamu Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza jambo hili katika maandishi yao ya mwaka 1979, na Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kwa kuwa hasara huuma, mtu hukataa kuikiri. Humwaga fedha nyingine ili zile za kwanza zisionekane zimepotea. Mwenye duka lisilouza huongeza bidhaa. Bodi ya chama hutengeneza lori bovu kwa mara ya nne kwa sababu imekwisha kulitengeneza mara tatu. Swali linalofaa kuulizwa mezani ni moja: kama chama kisingekuwa na lori hili, je, leo kingelinunua kwa gharama hii ya matengenezo? Jibu likiwa hapana, yaliyotumika jana yasiingizwe katika hesabu.

Maumivu hayo hayo huonekana katika bei. Msimu wa 2017/18 bei ya korosho ilipanda kuliko wengi walivyopata kuiona. Msimu uliofuata bei ya dunia ilishuka, na minada ya kwanza ilileta bei chini ya shilingi 3,000. Wakulima wakakataa kuuza, mpaka Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300. Somo hili halihukumu kukataa kule, maana mkulima ana haki ya kukataa bei. Linalotakiwa kuonwa ni kipimo kilichotumika. Mkulima mmoja mmoja aliipima bei ya mnada kwa bei ya mwaka uliopita, akahisi ameibiwa tofauti iliyo katikati. Kipimo cha mfanyabiashara ni kingine: kilo moja imenigharimu nini kuizalisha, na wanunuzi wengine wanatoa nini leo? Katibu anayebandika mambo hayo mawili ukutani kabla ya mnada anawasaidia wanachama wake kuliko anayewasomea bei peke yake.

Sasa juu ya dawa. Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Busia, wakulima wa mahindi walikuwa wakisema kila mwaka kwamba msimu ujao watanunua mbolea, na wengi wao hawakununua. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu njia moja nyepesi, wakaiita kwa neno la Kiswahili, SAFI, na kuandika habari zake mwaka 2011. Mtu alimtembelea mkulima mara tu baada ya mavuno, wakati fedha ingalipo, akamuuzia hati ya mbolea ya msimu ujao, na mbolea kuletwa nyumbani bila nauli. Idadi ya waliotumia mbolea iliongezeka waziwazi. Hawakufundishwa jambo jipya lolote. Kilichobadilika ni mwezi wa kuulizwa.

Chama cha msingi kina nafasi hiyo hiyo, kwani malipo ya korosho hupitia mikononi mwa ushirika, na siku yake inajulikana. Mkutano mkuu unaweza kuamua kwamba siku ya malipo kila mwanachama aulizwe kama anataka kutenga kiasi fulani kwa ajili ya miezi ya Julai na Agosti: mafuta ya mashine ya kupulizia, ujira wa vibarua, na akiba ya ugonjwa. Hata pale salfa inapoletwa kwa ruzuku, gharama hizo hubaki kwa mkulima. Mwanachama aandike kiasi mwenyewe na kutia sahihi au dole gumba. Fedha ziwekwe katika akaunti yake ya akiba, zisichanganywe na fedha za kuendeshea ofisi hata kwa siku moja. Makato yasiyo na ridhaa ya maandishi hayakubaliki, hata yakikatwa kwa nia njema kiasi gani. Vyama vingi vimepoteza imani ya wanachama kwa nia njema za namna hiyo.

Mtu atasema kwamba wakati wa malipo watu hulewa furaha, na atakumbusha simulizi zilizoenea msimu wa bei kubwa, za mbuzi kunyweshwa bia. Simulizi hizo zilitiwa chumvi na watu wasiolima. Hata hivyo hoja ina ukweli, na ndiyo maana mwanachama aulizwe pale pale dirishani, kabla hajafika nyumbani na kabla ndugu na wadai hawajapanga foleni mlangoni.

Limebaki neno juu ya katibu mwenyewe. Katika msimu yeye hupima magunia mchana, hujaza daftari usiku kwa taa, na huamka alfajiri kwa ajili ya gari la mzigo. Baada ya usiku kadhaa wa saa nne za usingizi, ubongo huanza kukosea tarakimu bila mwenyewe kujua, tena kwa uhakika kamili kwamba yu sahihi. Makosa mengi ya daftari la mizani ambayo wanachama huyaita wizi huenda yalizaliwa saa sita ya usiku. Hesabu ya siku ifungwe na watu wawili, na ikiwa haikulingana iachwe mpaka asubuhi. Kichwa kinachouma kila siku, moyo kwenda mbio na hasira za ghafla visichukuliwe kuwa sehemu ya kazi. Shinikizo la damu hupimwa kwa dakika chache, na Hospitali ya Mnero haiko mbali.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo: katibu achukue madaftari ya mizani ya misimu miwili iliyopita na kuwatafuta wanachama ambao kilo zao zilipungua kwa nusu au zaidi, wakati mashamba ya jirani zao hayakupungua. Majina yasisomwe mkutanoni wala yasipelekwe kwa mtu yeyote. Ihesabiwe idadi yao tu, na jumla ya kilo zilizokosekana, kisha zizidishwe kwa bei ya msimu huo baada ya makato. Jumla hiyo iandikwe ubaoni, na wanachama waulizwe ni mwezi gani wa mwaka walihitaji fedha kuliko miezi mingine, na kiasi gani kingetosha.