Mikoba ya Vitambaa Vyenye Majina Makubwa: Sheria Inasemaje?

Ndugu wanajumuiya, mimi ni mtu wa uhandisi, si mwanasheria, kwa hiyo wenzetu wa sheria mnivumilie. Dada mmoja wa jumuiya yetu hapa Johannesburg anashona mikoba na kuwauzia wanafunzi. Juzi alinijia na miwili akaniuliza, "Kaka, hivi kwa hii naweza kufungwa?" Nilicheka. Halafu nikaenda kusoma, na kicheko kikaisha.

Mkoba wa kwanza ni wa shweshwe halisi, yenye mhuri wa Three Cats kwa nyuma. Alama hiyo ilikuwa ya Waingereza wa Manchester hadi 1992, kiwanda cha Da Gama cha Eastern Cape kilipoinunua. Hapa kushona hakuna ubaya. Mwenye kitambaa alishauza, akalipwa. Kukata na kushona si kunakili, kwa hiyo hakimiliki ya michoro haijaguswa. Ukichukua michoro ile ukaichapisha kwenye kitambaa kingine, hapo umenakili.

Tatizo lilikuwa kikaratasi. Dada aliandika THREE CATS kwa herufi kubwa, jina lake chini kama sisimizi. Alichouza mwenye alama ni kitambaa, yeye mkoba hakuushona. Mnunuzi akidhani umetoka kwake, hapo ndipo Sheria ya Alama za Biashara ya 1993, kifungu cha 34, inapokubana. Kifungu hichohicho kinakuruhusu kueleza kwa uaminifu bidhaa yako ni ya aina gani.

Marekani walishagombana kwa jambo hili mwaka 1960. Kampuni moja ilishona mikoba kwa taulo za mbunifu Vera, zenye saini yake. Mahakama ya New York haikuikataza kutumia taulo, ila iliitaka iweke wazi kwamba Vera hahusiki na mikoba hiyo. Kwetu mfano rahisi ni kanga za Mombasa zenye maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla". Ukishona pochi maneno yale yakatokea mbele, mteja atauliza hii mali ya Abdulla au yako?

Sasa mkoba wa pili. Rangi ya kahawia, herufi LV kila mahali, kitambaa kilinunuliwa kwa mita katika duka moja mjini. Jamani! Louis Vuitton hawauzi kitambaa chao kwa mita. Yaani kilikuwa bandia kabla hata mkasi haujakigusa, na kikaratasi chochote hakikiponyi. Sheria ya Bidhaa Bandia ya 1997 inasema kosa la kwanza ni faini isiyozidi randi 5,000 kwa kila kimoja, au kifungo kisichozidi miaka 3. Dada alikuwa na mikoba 12. Pigeni hesabu wenyewe: randi 60,000, kwa mikoba aliyokuwa akiuza randi 150. Na kusema "sikujua" hakutoshi. Ukiwa na sababu ya kushuku, au hukuchukua hatua za maana kujihadhari, unahesabiwa mkosaji.

Najua kuna atakayenitajia kesi ya Laugh It Off, iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba pale Braamfontein mwaka 2005. Ni kweli, wauza fulana walioigeuza alama ya bia ya Carling Black Label kuwa "Black Labour, White Guilt" walishinda. Lakini ile ilikuwa dhihaka, na kampuni ya bia ilishindwa kuthibitisha kwamba biashara yake ingeumia. Mkoba wa dada haumdhihaki mtu, unataka kufanana tu.

Kuna na hili la viza, ambalo tunapenda kulikwepa. Viza ya masomo inaruhusu kazi ya muda, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Kuendesha biashara yako mwenyewe kuna viza yake. Kabla ya kukodi meza sokoni, piteni kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Mimi mwenyewe nimemsindikiza dada huko.

Vikaratasi vya shweshwe ameviandika upya: "Umeshonwa kwa mkono kwa kitambaa cha Three Cats. Mwenye kitambaa hahusiki na mkoba huu." Jina lake sasa ndilo kubwa. Ile 12 ameifumua yote jikoni kwake, zipu ameziweka kwenye kopo la maziwa azitumie tena.