Nani Anastahili Kukabidhiwa Mtoto wa Mwenzake?

Ndugu msomaji, mtoto anapofiwa na wazazi wake, au wazazi wanaposhindwa kumtunza hata uhai wake ukawa hatarini, serikali za nchi nyingi humweka kwa muda katika nyumba ya watu wengine. Katika Tanzania malezi ya namna hii huitwa rasmi malezi ya kambo, ingawa neno hilo hapa halimhusu mke wa baba wala mume wa mama. Mtoto haasiliwi. Yeye hubaki mtoto wa wazazi wake, na kama wangali hai, hutarajiwa kurudi kwao mambo yakitengemaa.

Katika somo la mwezi huu tutazame kazi ya mtu ambaye ni nadra kutajwa, yaani afisa wa ustawi wa jamii anayeamua ni nyumba ipi ifaayo kupokea mtoto kama huyo. Marekani kibali chake huitwa leseni, na kila jimbo lina kanuni zake. Uingereza husemwa kwamba mlezi ameidhinishwa. Majina yanatofautiana, lakini mzigo ni ule ule.

Pengine mtu atauliza: kumpokea yatima ni jambo la heri; kwa nini basi mwenye nia ya heri ahojiwe kana kwamba ni mshitakiwa? Swali hili nimelisikia mara nyingi kwa Waislamu wenzetu wakaao Ulaya, nami naona lastahili kujibiwa kwa kisa cha kweli.

Mwaka 1944 halmashauri ya mji wa Newport, katika Wales, ilikuwa na watoto wa ukoo wa O'Neill chini ya ulinzi wake. Wawili kati yao, Dennis na mdogo wake Terence, walipelekwa kulelewa katika shamba moja huko Shropshire, ng'ambo ya mpaka wa Uingereza. Mwenye shamba na mkewe walikuwa wakilipwa posho ya kuwatunza. Tarehe 9 Januari 1945 Dennis alifariki, akiwa na umri wa miaka 12. Mwili wake ulikuwa umekonda kwa njaa na ulikuwa na alama za kipigo. Mume alifungwa miaka 6 kwa kosa la kuua bila kukusudia, na mke miezi 6.

Serikali ilimteua Sir Walter Monckton afanye uchunguzi. Yaliyodhihirika yanatia huzuni kuliko hata hukumu yenyewe. Nyumba ile haikuchunguzwa ipasavyo kabla ya watoto kupelekwa. Halmashauri mbili zilihusika, na kila moja ilidhani kwamba nyingine ndiyo inayowaangalia. Karani mmoja alifika shambani Desemba 1944, akaona hali si njema, akashauri watoto waondolewe. Lakini siku zikapita na watoto wakabaki pale pale. Ofisi zilikuwapo, barua zilikuwapo, na posho ilikuwa ikilipwa. Tume iliyoongozwa na Bibi Myra Curtis ikatoa taarifa yake mwaka 1946, na sheria ya mwaka 1948 ikaagiza kila halmashauri iwe na afisa maalumu wa watoto. Basi maswali anayoulizwa mwombaji leo yana asili yake, na sehemu kubwa ya asili hiyo ni kaburi la mtoto huyo.

Afisa huchunguza nini? Yako mambo mepesi kuyaona: maji, choo, kitanda cha mtoto, dawa zilizofungiwa kabatini, kengele ya moshi, na katika Marekani bunduki kama imo nyumbani. Polisi huulizwa kama mwombaji au mkazi yeyote mzima wa nyumba ile amewahi kuhukumiwa, na Marekani alama za vidole hupelekwa kulinganishwa na kumbukumbu za taifa zima. Daktari huandika barua, na wadhamini huhojiwa.

Lakini afisa mwerevu hatumii muda wake mwingi katika kukagua kuta. Huketi na mwombaji mara nyingi, wala si mara moja, akamwuliza jinsi yeye mwenyewe alivyolelewa na jinsi alivyoadhibiwa. Humwuliza atafanya nini mtoto akikojoa kitandani kila usiku, akiiba sukari na kuificha chini ya mto, au akikataa kula. Huzungumza na watoto wa nyumba ile peke yao, maana watoto husema yale ambayo wakubwa wamekwisha kuyafunika. Nami naona kwamba swali lililo zito kuliko yote ni hili: Je, utamruhusu mama yake mzazi aje kumwona? Yuko mtu mwenye mapenzi mengi ambaye hawezi kulivumilia jambo hilo. Mapenzi yake ni ya kweli, ila anataka mtoto awe wake.

Hata hivyo ukali wa kanuni nao unaweza kudhulumu. Chukua mfano wa bibi anayewachukua wajukuu wake watatu usiku ule ule mama yao anapokamatwa. Kwa miaka mingi kanuni za serikali kuu ya Marekani zilidai ndugu wa damu apimwe kwa kipimo kile kile cha mgeni. Afisa aliweza kumsamehe masharti fulani yasiyohusu usalama, lakini kwa kumwombea ruhusa yeye peke yake. Bibi mwenye vyumba viwili tu aliweza kunyimwa leseni, na pamoja na leseni akakosa posho ambayo mgeni angelipwa kwa watoto wale wale. Septemba 2023 kanuni ilibadilishwa, na majimbo yakaruhusiwa kuweka masharti ya pekee kwa ndugu. Mimi nadhani ilichelewa mno. Chumba kidogo si hatari. Mwanamume mkali ndani ya nyumba kubwa ndiye hatari.

Katika nchi zetu, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa malezi ya kambo chini ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Waislamu wengine hujitenga na utaratibu kama huu wakidhani ni sawa na kumfanya mtoto wa mtu kuwa mwana wa kuzaa, jambo ambalo Kurani Tukufu imelikataza kwa kuagiza watoto waitwe kwa majina ya baba zao. La hasha! Ulezi huu haumwondolei mtoto jina wala nasaba yake. Kafala ya Kiislamu imetajwa katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, nayo imo katika sheria ya watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 na ya Kenya ya mwaka 2022.

Kibali kikishatolewa, kazi ya afisa haijaisha. Uingereza mlezi huangaliwa upya kila mwaka, na angalau mara moja katika mwaka afisa hubisha hodi bila kutoa taarifa. Kwetu afisa mmoja huwa na eneo kubwa la kuhudumia, na mara nyingi hutegemea ushuhuda wa watu wa mtaani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, huenda siku moja afisa akaja kwako kukuuliza habari za jirani yako aliyeomba kupewa mtoto. Wengi wetu hapo hujibu tu kwamba ni mtu mwema, twasali naye, tukiogopa kusengenya. Kusengenya ni kumtaja mtu kwa ubaya pasipo haja, lakini huu ni ushahidi, na Kurani Tukufu yatuamuru kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa juu ya jamaa zetu. Kama umemwona akimpa mtumishi wake chakula kile kile alacho mwanawe, lieleze hilo. Na kama usiku umesikia kilio cha mtoto kutoka nyumbani kwake, mweleze afisa ulisikia nini na mara ngapi.