Tairi na Ringi: Hesabu ya Gurudumu la Pikipiki

Huko Miyuji, jijini Dodoma, mwendesha bodaboda aliyechoshwa na mchanga huweza kudhani kwamba tairi pana zaidi ndiyo dawa. Kabla ya kuinunua, yampasa asome tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi yake.

“3.00-18” ni tairi yenye upana wa inchi 3, inayovaa ringi ya kipenyo cha inchi 18. Katika “90/90-18”, upana ni milimita 90, na kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81. Inchi 18 ni milimita 457; hivyo kipenyo cha gurudumu zima ni 457 + 81 + 81 = milimita 619.

Kipenyo cha ringi hakibadilishwi: tairi ya 17 ikilazimishwa katika ringi ya 18, waya za ukingoni mwake huweza kukatika. Upana nao una mipaka. Tairi pana ikitiwa katika ringi nyembamba, kingo zake hubanwa, uso wake huchongoka, na sehemu inayogusa lami hupungua. Tena huweza kusugua cheni. Hatari hiyo hudhihirika penye kona na breki, naye abiria hana habari.

Atafutaye mshiko mchangani na achague tairi yenye meno makubwa, ya kipimo kinachokubaliwa na ringi yake.

Zoezi: Gurudumu la 110/90-18 huzunguka mara ngapi katika kilometa 1? Linganisha na la 90/90-18. (Majibu: takriban 486 na 514.)