Taa moja mlingotini inatosha?

Swali: Mashua yangu ya mashine ina urefu wa mita 8, nami huondoka Msambweni usiku. Taa moja nyeupe haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinaruhusu nyeupe pekee kwa chombo cha mashine kisichofika mita 7 wala kuzidi kasi ya noti 7. Weka nyekundu kushoto na kijani kulia, kila moja ikimulika kutoka omo hadi nyuzi 112.5 upande wake, na nyeupe ya pande zote angalau mita moja juu ya hizo mbili. Nahodha wa meli iendayo Mombasa akiona nyeupe tupu atadhani umetia nanga, au anaitazama tezi yako. Akiona nyekundu anajua unakata kutoka kulia kwake kwenda kushoto.

Utasema ngalawa hutembea na tochi tu. Kweli, chombo cha tanga chini ya mita 7 kinaruhusiwa kuwa na tochi au fanusi tayari, mradi kiimulike mapema. Ila hakina kasi yako. Na karabai? Ikiwaka karibu na taa za rangi huzimeza, nazo zatakiwa kuonekana maili moja; basi ifunike unaposafiri.