Dondoo muhimu: Wi-Fi ya USB kwenye Linux

Uko Matiri na kompyuta haioni mtandao? Usikimbilie Mbinga mjini kununua kifaa kingine.

1. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta.
2. Kwenye terminal andika lsusb, nakili namba ya kifaa: 0bda:8179 ni chipu ya Realtek RTL8188EUS.
3. Usitafute draiva kwa jina la kwenye boksi. Hili ndilo kosa kubwa: boksi moja, chipu tofauti.
4. Ili kupakua draiva, pata intaneti kwa waya wa USB wa simu, chunga bando.
5. Debian ya kabla ya toleo la 12 (2023)? Kwa chipu ya Realtek, ongeza kifurushi cha firmware-realtek.
6. Bado kimya? Andika rfkill list. Wi-Fi ikiwa imefungwa, ifungue kwa rfkill unblock wifi.
7. Draiva uliyojenga mwenyewe bila DKMS (programu ya kujenga draiva upya kwa kila kerneli) huacha kufanya kazi kerneli ikisasishwa. Tunza faili zake kwenye fleshi ili uijenge upya.