Daraja Kuukuu la Chain of Rocks

Daraja jipya likiisha kujengwa, lile la zamani lifanywe nini? Nataka kulijibu swali hili kwa habari za daraja moja la Marekani, livukalo mto Mississippi karibu na mji wa St. Louis. Jina lake ni Chain of Rocks. Urefu wake wapata maili moja, nalo lilifunguliwa mwaka 1929. Katikati limepinda kama kiwiko, maana manahodha walilalamika kwamba matishali yao yangepata taabu kupita baina ya nguzo zake na minara miwili ya kuvutia maji iliyojengwa mtoni.

Msomaji na achukue vijiti vinne, avifunge kwa uzi viwe mraba, kisha ausukume upande. Utalala. Sasa akaze kijiti cha tano toka pembe hata pembe: mraba umekuwa pembetatu mbili, wala haulali tena. Pembetatu haibadili umbo lake mpaka upande mmoja uvunjike, ukunjike au ufumuke. Ndivyo lilivyoundwa daraja hili kwa mihimili ya chuma cha pua. Mingine huvutwa, mingine hubanwa, na yote huufikisha mzigo kwenye nguzo.

Katika miaka ya 1960 barabara kuu ilipata daraja lake jipya jirani, na mwaka 1970 lile la zamani likafungwa. Hapo ndipo hatari ilipoanza. Wengine hudhani kwamba daraja lisilopitwa na magari limepumzika. Sivyo! Hujibeba lenyewe usiku na mchana, huku taka zikijaa penye maungio, zikishika maji, na kutu ikila chuma. Mhimili hukonda, lakini mzigo wake ni ule ule. Rangi ndiyo kinga yake. Nani basi atalipia rangi ya daraja lisilopitwa na mtu?

Mwaka 1975 lilikaribia kubomolewa, chuma chake kiuzwe. Lililoliokoa halikuwa huruma ya mtu: bei ya chuma chakavu ilianguka, na kubomoa kukawa hakuna faida. (Ni mara chache nimefurahia habari za soko baya.) Baadaye chama cha wapanda baiskeli na waendao kwa miguu, kiitwacho Trailnet, kilishughulika kulitengeneza, na mwaka 1999 likafunguliwa kwa watu hao. Mimi naona hiyo ni bora kuliko kuliacha lisimame la kutazamwa tu, kwa kuwa penye wapitaji hapakosi mwenye kuuliza juu ya kutu. Na apitaye sasa, akisimama pale kwenye kiwiko, huiona minara ile miwili ingali majini.